Ljubljana kwa Wawili: Fikeni Alhamisi, Ondokeni Jumanne

REHEMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo tunawapeleka wasikilizaji Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia. Kaka Juma, kabla hatujafika mbali, hebu litamke hilo jina polepole.

JUMA: Popote unapoona herufi j, soma y. Lyub-lya-na. Halafu hii ni Slovenia, si Slovakia. Slovakia mji wake mkuu ni Bratislava. Unapokata tiketi mtandaoni majina hayo mawili hukaa jirani, kwa hiyo hakikisha uwanja wako wa ndege una herufi LJU.

REHEMA: Wanandoa wenye wiki moja ya Ulaya kwa kawaida wanawaza Paris au Roma. Kwa nini huku?

JUMA: Kwa sababu ni mji wa kutembea. Wakazi hawafiki laki tatu, na katikati ya mji magari yalianza kufungiwa mwaka 2007. Kutoka kituo cha treni hadi uwanja mkuu, Prešernov trg, ni kama robo saa kwa miguu. Mnaweza kutembea siku nzima mmeshikana mikono na hakuna wa kuwapigia honi. Baiskeli ndizo za kuangalia, zinakuja kimya kimya.

REHEMA: Tuanze na viza, maana hapo ndipo safari nyingi hufia.

JUMA: Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mnaoishi Ulaya na mna kibali halali cha kuishi cha nchi ya Schengen, hamhitaji viza, siku 90 ndani ya kila siku 180. Kosa kubwa ni kuomba kwenye ubalozi usiohusika. Wawili wanatua Venice, wanalala usiku mmoja, kisha usiku tano Slovenia, halafu wanapeleka maombi Italia kwa kuwa ndiko wanakotua. Kanuni inaangalia nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Nchi ya kuingilia huangaliwa pale siku zinapolingana.

REHEMA: Na kama Slovenia haina ubalozi mahali unapoishi?

JUMA: Kuna nchi nyingine ya Schengen inayopokea maombi kwa niaba yake. Tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya Slovenia inaonyesha ni ipi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka. Kila mmoja wenu anajaza fomu yake. Kama mmoja ndiye anayemlipia mwenzake, ambatanisheni cheti cha ndoa na taarifa ya benki ya huyo anayelipa, la sivyo maombi ya yule wa pili yanabaki yananing'inia.

REHEMA: Ndege?

JUMA: Ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hakuna. Shirika la taifa lao, Adria, lilifilisika mwaka 2019, na tangu hapo uwanja umekuwa mdogo na mtulivu. Njia rahisi ni kupitia Istanbul. Ukipitia Frankfurt, ukaguzi wa kuingia Schengen utafanyika hukohuko Ujerumani, kwa hiyo karatasi za hoteli na bima ziwe mkononi, msiziweke kwenye begi mlilokabidhi. Uwanja wenyewe uko Brnik, kama kilomita 25 kaskazini ya mji, na treni haifiki. Kuna basi la umma, linazungukia vijijini, chukulieni dakika 45 na ushee. Mwisho wa wiki yanapungua sana. Vipo pia vigari vya kuchangia, mnaweka nafasi mapema. Teksi ya pale nje ya mlango, ulizeni bei kabla ya kupakia mizigo.

REHEMA: Sasa twende kwenye hilo la siku. Kwa nini Alhamisi?

JUMA: Watu hupanga safari kwa orodha ya vivutio. Ljubljana ipange kwa siku za wiki. Ijumaa kuna chakula cha wazi. Jumamosi asubuhi soko limechangamka. Jumapili soko limefungwa na maduka karibu yote yamefungwa, ni sheria. Jumatatu majumba mengi ya makumbusho hayafunguliwi. Mkifika Jumamosi usiku na kuondoka Jumatatu, mmeukosa mji mkiwa ndani yake.

REHEMA: Jumapili huwezi hata kununua mkate?

JUMA: Utapata duka dogo ambalo mwenyewe ndiye muuzaji, au kwenye kituo cha mafuta, au stesheni. Ila kama mmepanga nyumba yenye jiko, nunueni mahitaji Jumamosi. Maji msinunue kabisa. Ya bomba ni safi na yana ladha nzuri, na haki ya maji ya kunywa waliiingiza kwenye katiba mwaka 2016. Bebeni chupa, mabomba ya umma yapo mitaani.

REHEMA: Ijumaa ya chakula, tueleze.

JUMA: Inaitwa Odprta kuhna, maana yake jiko lililo wazi. Inafanyika Pogačarjev trg, pembeni ya kanisa kuu, kila Ijumaa kuanzia katikati ya Machi hadi Oktoba. Mvua ikinyesha haipo, na Ljubljana mvua haina adabu, ndiyo maana mkifika Alhamisi muangalie utabiri mapema. Wapishi wa migahawa wanaweka mabanda, wanapika mbele yenu. Ujanja wa watu wawili: nunueni sahani moja, mle pamoja, msogee banda la pili. Kila mtu akinunua yake mtashiba kwenye banda la tatu na yapo mengi. Na nendeni saa tano asubuhi. Kuanzia saa saba mchana kutafuta mahali pa kukaa ni shughuli.

REHEMA: Kuna wasikilizaji wetu wa Mombasa, Unguja, Muscat, watauliza kitimoto.

JUMA: Wako sahihi kuuliza. Soseji maarufu ya nchi, kranjska klobasa, ni nguruwe. Nguruwe huingia hata kwenye vyakula usivyotegemea, kama supu za maharage. Sentensi ya kujifunza ni "brez svinjine, prosim", yaani bila nyama ya nguruwe, tafadhali. Kimbilio ni vyakula vya Kibosnia, kwa kuwa Wabosnia wengi wanaishi pale tangu enzi za Yugoslavia. Burek ni manda nyembamba kuliko ya sambusa, imeviringwa kama nyoka aliyejikunja, ndani nyama au jibini. Ya nyama waulizeni ni nyama gani. Na tangu Februari 2020 mji una msikiti wake, kaskazini ya reli. Ombi la kwanza la kuujenga lilitolewa mwaka 1969, kwa hiyo walisubiri nusu karne. Ndani yake kuba limetengenezwa kwa kitambaa cha buluu. Hata asiye Mwislamu akauone.

REHEMA: Mji wenyewe sasa. Madaraja.

JUMA: Hapo lazima umjue mtu mmoja, Jože Plečnik, msanifu majengo, aliyezaliwa 1872 na kufa 1957. Kazi zake za Ljubljana ziliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2021. Angalia Tromostovje, madaraja matatu yaliyokaa kama vidole. La katikati ni la mwaka 1842. Lilikuwa jembamba, magari na watu wanabanana. Badala ya kulibomoa, Plečnik akaongeza mawili ya waenda kwa miguu ubavuni, yakakamilika 1932. Simameni upande wa soko, mtazame jinsi hayo ya pembeni yanavyofunguka kwa mshazari, kila moja likilenga mtaa wake. Ngazi zinashuka hadi karibu na maji. Wengi hupiga picha juu na kuondoka, hawazioni.

REHEMA: Na lile la majoka?

JUMA: Zmajski most, lilifunguliwa 1901. Tetemeko la Aprili 1895 liliuharibu sana mji, ndiyo maana majengo mengi ya katikati yana mapambo ya mwanzoni mwa karne ya 20. Daraja hilo ni la zege, pembe nne majoka manne ya shaba. Wenyeji wana utani wao kwamba akipita bikira majoka hutikisa mikia.

REHEMA: Tuyaache hayo, watu wanasikiliza na wakwe zao.

JUMA: Haya. Katikati ya hayo mawili kuna Mesarski most, daraja la wachinjaji nyama, la mwaka 2010. Wapendanao wamelijaza makufuli. Mimi kufuli nalo nitaliacha dukani, lakini penyewe ni pazuri saa za jioni, na Juni jua linazama karibu saa 3 usiku.

REHEMA: Na ule mnara wa mshairi pale uwanjani?

JUMA: France Prešeren. Sanamu lake ni la 1905, na ubeti wa shairi lake ndio wimbo wa taifa. Alimpenda binti aitwaye Julija Primic, binti hakumpenda. Sasa fanyeni hivi: simameni mbele ya sanamu, mfuate macho yake. Yanaelekea mtaa wa Wolfova, na kwenye ukuta wa nyumba moja huko, juu kidogo, kuna uso wa Julija umechongwa kana kwamba anachungulia dirishani. Alikataliwa akiwa hai, na mji umemweka amtazame milele. Sijui kama ni huruma au ni adhabu.

REHEMA: Kupanda ngomeni, kule kilimani juu ya mji?

JUMA: Kuna kigari cha kuvutwa kwa kebo kutoka Krekov trg, dakika moja tu juu. Kwa miguu ni kama robo saa, mteremko mkali kiasi. Kuingia uani ni bure. Mnalipia mnara na maonyesho. Kosa hapa ni la saa. Mji uko bondeni, na kuanzia vuli hadi baridi ukungu hukaa asubuhi nzima. Mnalipa mnara, mnapanda, mnaona maziwa ya mtindi. Oktoba hadi Februari pandeni baada ya saa 7 mchana, au subirini siku iliyo wazi.

REHEMA: Mvua ikikamata?

JUMA: Maktaba ya taifa, NUK, ya Plečnik pia. Kitasa cha mlango ni kichwa kidogo cha farasi, kimesuguliwa na mikono hadi kinang'aa. Ukiingia kuna giza, ngazi zinapanda katikati ya nguzo 32 za marumaru nyeusi, na mwanga uko juu, upande wa chumba cha kusomea. Alikusudia hivyo, kutoka gizani kwenda kwenye elimu. Wanafunzi wanasoma, kwa hiyo simu zizimwe sauti.

REHEMA: Jumapili maduka yamefungwa. Wanafanya nini?

JUMA: Asubuhi kandokando ya mto kuna mnada wa vitu vya zamani, vikombe, medali za Yugoslavia, santuri. Halafu pango la Postojna, linalofunguliwa kila siku. Treni ni kama saa moja, kisha kutembea kama nusu saa kutoka stesheni. Ziara ni saa moja na nusu, kilomita tano, nyingi mkiwa kwenye kitreni. Chini kuna nyuzi 10 mwaka mzima. Nje Agosti inawaka, watu wanaingia na kaptura na kandambili, na kitreni kinakwenda kasi na upepo wake. Sweta na viatu vilivyofungwa. Tiketi kateni mtandaoni kwa saa maalumu, na mkumbuke saa zao si zetu: 14:00 ni saa nane mchana.

REHEMA: Na ziwa Bled ndiyo Jumatatu.

JUMA: Makumbusho yamefungwa, na watu wa mwisho wa wiki wamerudi makwao. Pandeni basi kutoka stendi kuu, saa moja na robo hivi. Treni ni mtego: kituo kinaitwa Lesce-Bled, lakini ziwa liko kilomita nne mbele. Kuzunguka ziwa ni kilomita sita, tambarare. Kwenye kisiwa kilicho ndani ya ziwa mnapelekwa kwa pletna, boti ya mbao, mpiga makasia amesimama. Huondoka ikijaa, bebeni taslimu. Juu kuna ngazi 99 kufika kanisani, na mila inasema bwana harusi ambebe bi harusi hadi juu.

REHEMA: Hapo ndipo ndoa zinapimwa.

JUMA: Ngazi ni za mawe, zikilowa zinateleza. Tembeeni tu. Mkirudi nchi kavu, kuleni kremšnita, keki ya mraba, kastadi na krimu, ngozi nyembamba juu na chini. Kwa wanaokodi gari: barabara kuu zinahitaji vinjeta, kibali cha kielektroniki kinachofungamanishwa na namba ya gari. Gari la kukodi Italia au Austria mara nyingi halinacho. Kuna cha siku saba. Faini inaanzia euro 300, na kamera hazilali.

REHEMA: La mwisho, ile sarufi uliyoniambia kabla hatujarekodi.

JUMA: Ah! Kislovenia kina umoja, kina wingi, na kati yake kina hali ya watu wawili. "Mi" ni sisi, "midva" ni sisi wawili tu, vitenzi navyo vinabadilika. Hata kahawa: ena kava, moja. Dve kavi, mbili. Mkiagiza "dve kavi, prosim" mhudumu atajua mmejifunza.

REHEMA: Wakiongezeka na shemeji?

JUMA: Tri kave. Sarufi inarudi kwenye wingi wa kawaida, na bili nayo.