Trekta Kuukuu Inatoa Moshi? Usiifungue Injini Kwanza

Karibuni tena, wakulima wenzangu. Leo tuko Njoro, na hii hapa ni Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya silinda tatu. Mwenyewe, mzee wetu huyu, ameshaambiwa anunue ringi na pistoni. Mzee, weka pesa mfukoni kwanza. Tuusome moshi.

Washa, uiache ingurume mpaka ipate joto. Asubuhi za huku ni baridi, kwa hivyo moshi mweupe wa dakika chache usikutishe. Ukiendelea injini ikishapata joto, na unachoma macho kwa harufu ya dizeli mbichi, kuna mafuta yasiyoungua. Ukiona maji ya rejeta yanapungua kila siku, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Rejeta iwe imepoa ndipo ufungue kifuniko. Usije ukaungua uso.

Sasa mpe dereva ishara aongeze mafuta. Mnaona? Mweusi tititi. Mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, na hapo watu hukimbilia pampu ya dizeli. Mimi huanza na hewa, kwa sababu kuiangalia ni bure. Zima injini. Legeza bakuli la chini la filta ya hewa, hili lenye oili. Angalieni tope hili! Vumbi la msimu mzima wa kulima. Mwaga, osha bakuli na wavu wake kwa dizeli, vikauke, kisha tia oili safi mpaka kwenye alama. Usipitishe alama, maana oili ya ziada hufyonzwa ndani ya injini.

Kumbuka pia tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Trekta iliyorekebishwa pampu kule Kisumu, ikiletwa huku kuvuta plau, itatoa weusi kidogo hata kama ni nzima. Hewa ya huku ni nyepesi.

Washa tena. Moshi umepungua, lakini haujaisha, na injini inakohoa. Hapa ndipo tunatafuta silinda yenye shida. Iache injini ingurume polepole. Chukua spana, legeza nati ya paipu ya nozo ya kwanza (nozo ndiyo inayopuliza dizeli ndani ya silinda), nusu mzunguko tu, funika kwa kitambaa, na mikono ikae mbali: dizeli yenye presha hupenya ngozi, na hilo ni jambo la hospitali. Sikiliza. Injini imelegea? Basi silinda hiyo inafanya kazi. Kaza. Ya pili... imelegea pia. Kaza. Ya tatu... sikieni, hakuna mabadiliko yoyote, na moshi umekatika! Huyo ndiye mgonjwa wetu.

Zima. Toa nozo ya tatu, uibadilishane na ya kwanza, na uweke vikombe vipya vya shaba, yaani washa za kuziba, chini yake. Vya zamani havizibi vizuri. Washa, rudia kulegeza nati. Ugonjwa ukihamia silinda ya kwanza, nozo ndiyo mbovu: ipeleke kwa fundi wa pampu mjini Nakuru aipime na kuibadilisha ncha. Ukibaki silinda ya tatu, hapo ndipo uanze kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na kurekebisha tapeti, yaani nafasi za valvu.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka puu baada ya injini kuachwa ikinguruma polepole kisha ukakanyaga, mara nyingi ni mirija inayoongoza valvu (valve guides) imelika. Ukitoka muda wote trekta ikivuta, fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma: hewa ikifoka kama moshi wa jikoni, ringi zimekwisha, na ushauri aliopewa mzee ungekuwa wa kweli.

Haya, nimeziweka. Mzee, piga stata... Ugonjwa umehamia silinda ya kwanza. Nozo!