Panga Kazi, Cheo Kitajipanga

Mhadhara kwa wanafunzi wa shahada ya sheria walio fildi, yaani mafunzo kazini, mkoani Tanga

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa nyote. Karibuni Tanga. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo, ila naona baadhi yenu mmeshapata wenyeji Chumbageni, kwa hiyo siwahesabu tena kuwa wageni.

Nimeombwa nizungumzie mpango wa maendeleo binafsi na wa kazi. Fomu yake naijua. Ina kisanduku cha malengo ya miaka mitano, kisanduku cha uwezo wako na kingine cha udhaifu wako. Vijana wanaokuja fildi ofisini kwangu hunionyesha, na karibu zote zinafanana: nitakuwa wakili maarufu, nitakuwa jaji, nitafungua ofisi yangu. Hivyo ni vyeo, na cheo hakikwambii Jumatatu asubuhi ufanye nini. Mimi nawaomba mpange kazi. Jiulize: ni nyaraka gani nataka niweze kuiandaa mwenyewe, bila kushikwa mkono, na ifikapo lini?

Chukueni hati ya kiapo. Kijana wa mwaka wa tatu ananiletea rasimu ya kurasa nne. Lugha nzuri, kesi za Mahakama ya Rufani zimenukuliwa humo humo. Tayari ana tatizo, maana hati ya kiapo ni mahali pa kueleza mambo anayoyajua mwapaji, yaani anayekula kiapo; hoja za kisheria zinangoja siku ya kusikilizwa. Halafu nashuka chini kabisa, pale anapotia saini kamishna wa viapo. Tarehe ipo, mahali hapajaandikwa. Sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inataka vyote viwili: wapi na lini. Wakili wa upande wa pili ataliona hilo kabla hajamaliza kukaa, na maombi yako yanaweza kuondolewa mahakamani wakati mteja ameshalipa nauli ya kutoka Handeni. Kijana yule ana GPA nzuri tu. Hakuwa amewahi kuandika hati hata moja ambayo mtu mwingine angeitegemea.

Kwa hiyo mpango wangu kwenu ni mwepesi kuusema na mgumu kuutekeleza. Kila mwaka wa chuo uishe ukiwa na kitu kilichokamilika mkononi. Mwaka wa kwanza, muhtasari wa hukumu ulizosoma zote, sio vipande vya kwenye slaidi za mhadhiri. Hukumu za mahakama zetu ziko TanzLII bure, unahitaji bando tu. Mwaka unaofuata uwe na mkataba wa mauzo ya kiwanja, hati ya madai, notisi ya rufaa. Ukiandika notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani utajua, na hutasahau, kwamba una siku 30 tangu uamuzi kutolewa. Ukipokea mgogoro wa ardhi utauliza kwanza kama miaka 12 ya ukomo wa kufungua shauri imepita. Madai ya mkataba ni miaka sita, madai ya madhara (tort) ni mitatu. Tarakimu hizo zinalipa kuliko nadharia nyingi mlizokariri, na wahadhiri wenu waliopo hapa wanisamehe.

Sasa niseme kuhusu Law School, kwa sababu naona ndiyo inayowanyima usingizi. Shahada peke yake haikuruhusu kusimama mahakamani kumtetea mteja. Lazima upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ndiyo hiyo Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo uombe kukubaliwa kuwa wakili. Mnakumbuka matokeo ya 2022: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu, yaani wa kurudia mitihani, 342, waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Nchi nzima ilishtuka, Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wengine walilaumu vyuo, wengine wakailaumu taasisi. Hilo wakubwa walijadili. Ninachowaambia nyinyi ni kwamba pale unapimwa kwa kuandaa nyaraka na kuendesha shauri, na ukianza kujifunza hayo siku ya usajili, umechelewa miaka mitatu. Na ada nayo ipangwe mapema. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa mwanafunzi, halisubiri mtu. Anayeweka kidogo kila linapoingia atanishukuru.

Fildi msiifanye ya kusainiwa fomu. Kaa masjala. Karani unayemwona mdogo huenda amesoma Chuo cha Uongozi wa Mahakama pale Lushoto, na kwa taratibu za kufungua shauri anakuzidi mbali. Msalimie vizuri, muulize kwa nini jalada hili limerudishwa. Maelezo yake ya dakika tano ni ya thamani, na anayeuliza kwa adabu hupewa hata asichouliza.

Halafu tazameni mkoa mliopo kwa jicho la kazi. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapo tu ng'ambo ya bandari. Mahali bomba lilipopita kulikuwa na mashamba, minazi, makaburi, na kila kimoja kina maswali ya fidia. Mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga-UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi rafiki kwa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12. Kuna wanasheria waliosoma kila mstari wa waraka ule kabla mwekezaji hajatoa senti. Horohoro kuna mpaka na Kenya, kwa hiyo kuna forodha na malori yaliyozuiwa. Na Ngamiani kuna nyumba inayowekwa rehani benki bila mke kujua, wakati Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia. Chagua mojawapo uijue kwa undani. Wanaojua kidogo kila kitu tunao wa kutosha.

Jambo linalosahaulika ni Kiswahili. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikitumika pale haki inapolazimisha. Nyinyi mnafundishwa kwa Kiingereza, na nawaona mnavyohangaika kuandika hati ya madai ya Kiswahili isiyo na kizungumkuti. Mtu wa Tanga kushindwa kuandika Kiswahili ni aibu, lakini hata wewe wa Kagera huna udhuru. Kila muhtasari wa kesi utakaouandika, uandike mara ya pili kwa Kiswahili ambacho mama muuza samaki wa Deep Sea angeelewa haki yake.

Wale msiotaka uwakili, msijione mmepotea. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, halmashauri, mabenki, mashirika ya msaada wa kisheria yanayofanya kazi chini ya sheria ya 2017, wote wanahitaji watu. Na wote watakuuliza umewahi kufanya nini. Wachache watauliza unataka kuwa nani.

Nimegawa karatasi tupu, haina visanduku. Andikeni nyaraka moja mtakayoiandaa kabla fildi haijaisha, na jina la mtu mtakayemwomba aikosoe. Asiwe rafiki yako. Anayetaka niisome mimi, ofisi iko wazi mpaka saa kumi, ila ailete imepigwa chapa, mwandiko wenu siuwezi.

Haya, maswali. Tuanze na dada wa safu ya nyuma.