Kuchimba ngoro za Wamatengo kwenye mlima mkali

Haya, karibuni Mbinga, mkoani Ruvuma. Leo tunachimba ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta, kilimo cha Wamatengo tangu kabla mkoloni hajafika. Mteremko mnauona wenyewe. Hapa ukilima sesa, yaani bila matuta, mvua moja kubwa na udongo uko bondeni.

Ni Machi, mvua zinaelekea ukingoni. Kufyeka mnajua, tusipoteze muda. Ila nyasi ziache zikauke kwanza, maana ukizifukia mbichi zinachipua. Na kiberiti kaa nacho mbali, hiyo ndiyo mboji yako.

Sasa zipange. Mistari ya kushuka na mlima, halafu mistari ya kuukata, mpaka shamba liwe miraba ya mita 1.5 hadi 2. Mimi naanza na ya kushuka, basi tu, napenda hivyo.

Ingia katikati ya mraba, chimba, udongo urushe juu ya nyasi pande zote nne. Kina sentimita 30 hivi. Nyasi zote zifunikwe.

Hapa tulia. Tuta la upande wa bondeni liwe na kimo kimoja, pembe hadi pembe. Narudia: kimo kimoja! Likibonyea mahali, maji yote ya shimo yanakimbilia hapo, yanalikata, yanaangukia shimo la chini, nalo linapasuka, hivyo hivyo mpaka mtoni. Tena usilikague ukiwa juu. Shuka, inama, litazame ukiwa chini yake. Mpiga picha, hebu sogea... hapo hapo. Mnaliona hilo bonde dogo? Upana wa kiganja tu, na linatosha kuharibu safu nzima. Ongeza nyasi, ongeza udongo, gandamiza kwa bapa la jembe. Haya, sasa sawa.

Maharage yanamwagwa juu ya matuta, shimoni yataoza. Chota udongo wa shimoni, funika kidogo tu. Kuanzia sasa mguu unakanyaga shimoni. Wewe kijana, shuka kwenye tuta! Tuta halikanyagwi.

Magugu ya palizi na mabua ya maharage tupa shimoni yaoze. Mvua za Novemba au Desemba zikianza, mahindi yanaingia juu ya matuta hayo hayo, hakuna kulima upya.

Mnaoulizia nyengo ya kufyekea, ninazo. Andika hapo chini uko wilaya gani.