Wamormoni na hela zao: mwaka 1887 haujaisha

Asanteni sana, kaeni jamani, wa nyuma kama hamsikii mnipungie mkono maana hii maiki inakatakata.

Niseme mapema, mimi sio Mmormoni, ni Mlutheri wa kuzaliwa. Na wenyewe siku hizi hilo jina hawalitaki, wanataka useme Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mnisamehe leo ntatumia la kifupi tusije tukalala hapa. Mnawajua kwa wale vijana wawili wawili, shati jeupe, kibeji cheusi kifuani, na tangu 2025 wana hekalu Nairobi. Ila leo naongelea hela, na ukitaka kuelewa hela za Wamormoni shika mwaka mmoja tu kichwani, 1887, ntaufikia.

Walianzia mbali kweli. 1831 Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, anawaambia watu wake kule Ohio kwamba mali yote ni ya Mungu, kabidhi ulichonacho kwa askofu, utarudishiwa kinachokutosha wewe na familia yako, kinachobaki kinaingia ghalani kwa wenye shida. Iliwashinda. Watu wakagombana, wakashtakiana, 1838 ikaja zaka, moja ya kumi, mambo yakawa mepesi kidogo. Baadae Smith akauawa, mrithi wake Brigham Young akawavusha nyika mpaka Utah 1847, na huko jangwani lile wazo la zamani likamrudia.

Ndo tunapata Orderville, kijiji cha kusini mwa Utah kilichoanza 1875. Walikula meza moja, wakavaa nguo za kitambaa walichofuma wenyewe, mshono mmoja wote. Sasa kuna kisa kinasimuliwa mpaka leo, kijana mmoja aliokota mikia iliyokatwa ya wanakondoo, akakusanya sufu yake, akaenda kuuza mjini akajinunulia suruali ya dukani. Wazee wakamuita. Wakamsifu kwa ujanja wake, wakaichukua ile suruali wakaifumua iwe kielelezo, kwamba kuanzia leo suruali zote zitashonwa hivi. Basi vijana wote wanataka mpya na sheria ni kwamba hupewi mpaka ya zamani iishe, ghafla suruali zikaanza kutoboka matakoni tu, magotini mazima kabisa, kumbe vijana wanaenda kibandani wanakalia jiwe la kunolea! Mnacheka nyie mliokulia vijiji vya ujamaa, mnawajua hao vijana.

Haya, 1887. Bunge la Marekani, kisa ndoa zao za mitara, linapitisha sheria ya kulivunja kanisa kisheria na kutaifisha mali zake zinazozidi dola 50,000. Kanisa likawa linalipa kodi ya pango kwa majengo yake lenyewe. 1890 wakasalimu amri, rais wa kanisa Wilford Woodruff akatangaza mitara basi, na 1896 Utah ikapewa hadhi ya jimbo, ila kanisa lina madeni mpaka shingoni, kiasi kwamba 1899 mzee Lorenzo Snow, rais wa kanisa wakati huo, anasimama mbele ya watu wanaolia ukame pale St. George anawaambia toeni zaka. Walitoa. Kufika 1907 deni limekwisha.

Sasa weka mambo mawili hayo pamoja, serikali imewanyang'anya na zaka imewaokoa. Ukoo uliopitia hayo hausahau, na mimi naona karibu kila kitu kilichofuata kimetokea hapo.

Chukua 1936, Marekani iko kwenye mdororo, Rais Roosevelt anagawa misaada, kanisa linaanzisha mpango wake, mashamba yake, maghala yake. Na huu mpango bado upo, nao ndo kitu ninachowahusudu. Jumapili moja kwa mwezi wanafunga milo miwili, hela ya ile milo au zaidi wanampa askofu. Askofu mwenyewe, ambaye kwao ni kiongozi wa kanisa la mtaa, hana mshahara, Jumatatu ni fundi magari au daktari wa meno. Umefukuzwa kazi, unaenda kwake, anaweza kumlipa mwenye nyumba wako moja kwa moja, anakuandikia chakula cha ghala, na atakuuliza na wewe utafanya kazi gani. Mwakani yeye anaweza kuwa ndo muombaji na wewe ndo askofu. Hiyo aibu ya kuomba kwa jirani ni kali, sikatai, lakini na fomu za ofisini nazo mnazijua.

Msidhani lakini kwamba waumini walikuwa wanafuata tu. Rais wa kanisa Heber J. Grant aliwasihi wasirudishe pombe, 1933 Utah hiyohiyo ikawa jimbo la 36 kupiga kura iliyoua marufuku ya pombe nchi nzima. Grant hakumpenda Roosevelt pia, Utah ikampa Roosevelt kura mara zote nne. Na hata juzi juzi, Mitt Romney aliyegombea urais 2012 kwa Republican ni Mmormoni, na Harry Reid aliyekuwa anaongoza Democrat kwenye Seneti wakati huohuo, Mmormoni.

Mwisho kuna ile habari ya 2023, wengi mmekuja kwa ajili hiyo najua. Tume inayosimamia masoko ya mitaji Marekani iliipiga faini kampuni ya uwekezaji ya kanisa, Ensign Peak, dola milioni 4 na kanisa lenyewe milioni 1, kwa sababu hisa za mabilioni zilikuwa zimefichwa nyuma ya vikampuni vya jina tu. Kanisa likasema lilifuata ushauri wa wanasheria na linasikitika. Watu wanasema uroho, mimi naona woga, woga wa mtu aliyeibiwa mara moja anayelala na pochi chini ya mto. Ila woga wa 1887 ulikuwa wa maskini, mabilioni hayo hayana sababu hiyo tena, na mama anayetoa zaka kwenye mshahara wa kufua nguo ana haki ya kujua ghalani kuna nini. Wao watakujibu zaka ni imani ya mtoaji, sio shida ya kanisa. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi na bado haliniingii.

Haya maswali, dada mwenye kitenge cha njano ulinyoosha mkono tangu suruali.