Limau Tunalisifia Yasiyo Yake

Haya jamani tukae, wale wa nyuma mnanisikia? Maiki inakoroma kidogo lakini twende nayo hivyo hivyo. Nimeombwa niongee juu ya miti ya malimau na ndimu, na najua nusu yenu mmekuja na lile swali la WhatsApp, limau na maji ya uvuguvugu asubuhi linatibu nini na nini. Tutafika, ila kwanza niwape kisa.

Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zinatia nanga Mombasa, hapo juu tu ukivuka mpaka kuingia Kenya. Miezi michache nyuma mabaharia wake walipigwa na kiseyeye, miguu imejaa, fizi zimevimba mpaka zinapanda juu ya meno, mtu hawezi kula. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, miwa, na machungwa na malimau kibao. Mwandishi wa safari akaandika kwamba wagonjwa wote walipona pale, na sifa unajua alimpa nani? Hewa! Eti hewa ya mji ule ni nzuri sana. Mimi hewa ya Mombasa siikatai, lakini kura yangu naipa lile tunda. Na wenyewe nadhani walishaanza kushtuka, maana walipotoka India wakakaa baharini karibu miezi mitatu, watu kama 30 wakafa, na Januari 1499 walipofika Malindi kitu walichotuma mtu nchi kavu akatafutie wagonjwa ni machungwa. Wengine wakafa hapo hapo Malindi, walikuwa wameshachelewa.

Sasa angalia ilivyochukua muda. Mwaka 1747 daktari mmoja wa meli ya Kiingereza, James Lind, akachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, hawa siki, hawa maji ya bahari, hawa tindikali imezimuliwa, na wawili wakapewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha baada ya siku sita tu, lakini mmoja wa wale wawili alikuwa karibu arudi kazini na mwenzie akawekwa awauguze wengine. Utasema basi kesi imekwisha. Wapi! Jeshi la majini la Uingereza liliamuru maji ya limau mwaka 1795, karibu miaka 50 baadae. Na Lind mwenyewe alitaka juisi ikae safarini kwahiyo akashauri ichemshwe mpaka iwe nzito, na moto ule ndio uliua kilichokuwa kinatibu. Halafu karne iliyofuata wakabadilisha, wakaacha malimau wakachukua ndimu za visiwa vya Karibiani, wakidhani dawa ni ule uchachu. Ndimu ni chachu kweli, lakini kinachotibu kiseyeye ni vitamini C, na yake ni pungufu kuliko ya limau, na ile juisi ilikaa mapipani muda mrefu, kiseyeye kikarudi, msafara wao wa kwenda ncha ya kaskazini mwaka 1875 uliumia vibaya.

Kwahiyo nyie mnaochemsha limau kwenye sufuria ya chai dakika kumi na tano, mnarudia kosa la Lind. Kamulia mwishoni, chai ikishapoa kidogo.

Limau linafanya nini hasa? Ukikamulia kwenye mchicha au maharage, mwili unachukua madini ya chuma vizuri zaidi, na hili kwa mama mjamzito sio dogo. Kwa watu wenye mawe ya figo ya aina fulani, asidi yake inasaidia yasijijenge. Kule Guinea-Bissau wakati wa kipindupindu miaka ya 90, watafiti waliona waliotia ndimu kwenye mchuzi wa wali waliugua kidogo kuliko wenzao, ila maji ya kunywa bado uchemshe, usije ukasema mimi nimekwambia. Kansa halitibu. Presha usiache vidonge vyako. Kunyonya ndimu kutwa kunakula meno, na ukikamua ndimu ukakaa juani bila kunawa mikono, ngozi inaweza kuungua ikatoa malengelenge, wauza juisi wanalijua hili.

Jikoni sina cha kuwafundisha, shombo ya samaki, kachumbari, urojo, achari, hata dele la shaba linang'arishwa kwa limau na chumvi. Ndugu zetu wa Oman wanachemsha ndimu kwenye maji ya chumvi wanazianika mpaka ziwe nyeusi, ndio ladha ya mchuzi wao. Lakini toka miaka ya 70 mindimu yao imeshambuliwa na ugonjwa, vijitawi vinasongamana kama ufagio, mti unakufa, na mashamba mengi yamekwisha hivyo.

Na hapa ndio ninapotaka mnisikilize, kwasababu watu wa Muheza, wakulima wa machungwa, wanalijua ila hawalisemi. Yale malimau ya ngozi ngumu yenye vinundu, ambayo sokoni hayana bei, ndiyo mashina ya michungwa mingi mnayoiona. Mbegu inaoteshwa, mche ukifika unene wa penseli unabebeshwa kikonyo cha mchungwa. Mizizi yake inakwenda chini sana, ukame inauvumilia. Ubaya wake, shina likikaa na unyevu linaoza na kutoa gundi, kwahiyo ile sehemu iliyobebeshwa iwe juu ya udongo, na matandazo usiyasogeze mpaka yakagusa shina. Na wale chungu wa maji ya moto, sisimizi wanaoshona majani mtini, jamani acheni kuwachoma, wanauma kweli lakini wanakula wadudu wa mti bure.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kama anunue miche kutoka milimani kwasababu ni rahisi. Huko kwenye baridi ndiko anakopenda yule mdudu anayesambaza ugonjwa wa majani kuwa njano, na ugonjwa huo hauna dawa. Geuza jani uangalie, ukikuta vishimo chini na vinundu juu, usichukue hata ukipewa bure.

Haya, dada mwenye swali la achari.