Brick Lane: "Hiyo ni London Gani, Mbona Wahindi Watupu?"

Habari za muda huu, ndugu zangu. Swali ni lilelile kila nikiweka picha za Brick Lane: "Hiyo ni London gani, mbona Wahindi watupu?" Leo nalijibu. Naomba tuelewane mapema, siringi kwamba niko Ulaya wala sijaja kulia shida. Inaniuma tu mtaa huu ukidharauliwa.

Wengi mnaowaona hapa ni Wabangladeshi, hasa wenye asili ya Sylhet, eneo la nchi hiyo ya Bangladesh. Mabaharia wa huko walikuwa wakichochea makaa kwenye meli za Waingereza, na baadhi yao wakishuka London hawakupanda tena.

Ukija, shuka stesheni ya Aldgate East, fuata Osborn Street, mbele kidogo inakuwa Brick Lane yenyewe. Kushoto, kona ya Fournier Street, kuna msikiti wa matofali. Watu wanapiga picha mlangoni wanaondoka. Wewe ingia Fournier Street uinue macho: juu ukutani kuna saa ya jua yenye mwaka 1743 na maneno ya Kilatini, Umbra sumus, "sisi ni kivuli". Wakati huo lilikuwa kanisa la Wahuguenot, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa mfalme alipowafutia uhuru wa kuabudu mwaka 1685. Mwaka 1819 wakaingia Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi, wengi wao wakiwa wamekimbia mauaji katika himaya ya Urusi. Mwaka 1976 likawa msikiti. Kuta ni zilezile.

Ukiwa hapohapo, tazama ghorofa za juu kabisa za nyumba jirani, madirisha yake ni mapana ajabu. Wale Wafaransa walifuma hariri, na uzi wa hariri ni mwembamba mno. Ukikatika mfumaji asiuone, kitambaa kinaharibika. Ndiyo maana kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, kilipandishwa juu kwenye mwanga. Mwaka 1860 ushuru wa hariri ya Ufaransa ulipofutwa, kazi ile ikafa. Wayahudi wakaja na ushonaji nguo, na Wabangladeshi wakaupokea.

Sasa makaratasi, maana najua ndiyo yanayowauma. Wahuguenot hawakuulizwa viza. Sheria ya 1905 ilitungwa Wayahudi wakiwa ndio walengwa: abiria wa daraja la chini aonyeshe anaweza kujikimu. Mwaka 1962 vikaja vibali vya kazi kwa raia wa Jumuiya ya Madola. Mwaka 1968 bunge likapitisha, kwa siku 3 tu, sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya, watu waliokuwa na pasipoti za Uingereza mkononi! Leo kikwazo ni taarifa ya benki. Pesa nyingi ikiingia ghafla siku chache kabla ya kuomba, nawe huna maelezo ya ilikotoka, unaweza kunyimwa. Hati ya Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza. Lakini kila faili na mwenyewe, lililompitisha jirani yako usilifanye sheria.

Nauli nayo inawaliza wageni. Basi za London hazipokei pesa taslimu, unagusisha kadi ya benki kwenye mashine mara moja ukipanda. Kwenye treni unagusisha ukiingia na ukitoka, kwa kitu kilekile. Ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu, hata kama akaunti ni moja, mashine inaona safari 2 zisizokamilika na unaweza kukatwa nauli ya juu kabisa kwa kila moja. Na mpiga debe wa mgahawa akikuahidi punguzo, muulize kabla hujakaa kama ada ya huduma imo. Mara nyingi inaongezwa kwenye bili, na una haki ya kuomba iondolewe.

Ukirudi stesheni usiipite bustani ya Altab Ali Park. Hapo palikuwa na kanisa jeupe lililoupa mtaa wa Whitechapel jina lake, likapigwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Bustani imepewa jina la kijana wa Kibangladeshi, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, aliyeuawa na wabaguzi karibu na hapo tarehe 4 Mei 1978 akitoka kazini. Siku 10 baadaye maelfu walitembea nyuma ya jeneza lake kutoka mitaa hii mpaka Downing Street, kwenye ofisi ya waziri mkuu. Kuingia bustanini ni bure.