Dakika arobaini na nane za katikati
Mhadhara kwa walimu na maprefe (wakuu wa shule) wa shule za sekondari za Kikristo, Goma

Mababa, mamama, ndugu walimu, Bwana asifiwe.

Kipindi cha sekondari kwetu kina dakika 50. Katika shule zetu nyingi za Kikristo, dakika moja ya mwanzo ni ya sala, dakika moja ya mwisho ni ya kuandika aya kwenye kona ya ubao, na zile 48 za katikati hufundishwa kama zinavyofundishwa popote pengine. Mzazi akiuliza ukristo wa shule yetu uko wapi, tunamwonyesha zile mbili. Leo nitasema juu ya zile 48.

Ninayoyasema yanatoka katika jambo moja: somo huwa la Kikristo linapofundishwa kwa ukweli wake wote, kisha likafikishwa mpaka kwa jirani ambaye ukweli huo unamgusa. Aya iliyobandikwa haizibi pengo la somo ambalo halikuandaliwa. Mwalimu anayekosea hesabu ya moli (kipimo cha kiasi cha kitu katika kemia) halafu akafunga kwa Zaburi amewafundisha watoto vibaya mara mbili, kwa sababu sasa wanadhani imani ni mahali pa kujificha unaposhindwa na kazi.

Kuna makosa tunayoyapenda sana. Mwalimu wa jiometri anachora pembetatu, anasema, "Mnaona, pande tatu, umbo moja, ndiyo Utatu Mtakatifu." Upande wa pembetatu ni sehemu ya pembetatu. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba Baba ni theluthi ya Mungu. Mwenzake wa fizikia anatumia barafu, maji na mvuke: kitu kimoja kinachobadilika hali. Hilo ndilo fundisho la Sabellius, kwamba Baba, Mwana na Roho ni sura tatu tu za mmoja, ambalo Kanisa lilishalikataa katika karne ya 3. Kwa nia njema kabisa, walimu hawa wawili wameharibu somo na wameharibu imani. Mwacheni mwalimu wa dini afundishe Utatu, na ninyi fundisheni vizuri jumla ya pembe.

Na si kila sura ya kitabu ina mlango wa imani kuingilia. Vitambulisho vya trigonometria, zile fomula za sine na cosine, havina. Vifundishe kwa usafi, sahihisha madaftari kwa haki, rudisha karatasi siku uliyoahidi, basi. Ukilazimisha mlango mahali pasipo na mlango, wanafunzi wa mwaka wa tano wanajua mara moja, na siku utakapokuwa na jambo la kweli hawatakusikiliza tena.

Tuje kwenye kemia, maana hapa Goma mlango ni mpana kuliko mahali pengi duniani.

Mnajua mazuku. Watu wa Himbi, Keshero, Bulengo na njia ya kwenda Sake wanayajua bila kufundishwa: mashimo na mabonde madogo ambamo gesi inayotoka ardhini inakusanyika, mbuzi anaingia hatoki. Gesi hiyo ni dioksidi ya kaboni. Mtaala unatudai tufundishe uzito wa moli, ujazo wa gesi na msongamano. Kwa nini basi mfano wa ubaoni uwe ule wa kitabu kilichoandikwa kwa watoto wa Ubelgiji?

Anza na hesabu. Uzito wa moli wa CO₂ ni gramu 44. Wa hewa ni karibu 29. Gawanya: 1.5. Gesi hii ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini. Halafu rekebisha kosa ambalo karibu kila daftari la Goma linalo: lita 22.4 kwa moli. Namba hiyo ni ya nyuzi 0 na kanieneo ya usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni karibu hektopaskali 850. Kwenye nyuzi 20, moli moja hapa inachukua karibu lita 29. Waache wanafunzi waitafute wenyewe kwa fomula ya gesi, PV = nRT. Wakiipata, wameelewa fomula.

Sasa jaribio. Unahitaji ndoo yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 28 hivi na kina cha zaidi ya sentimita 25, mishumaa mitatu, gramu 20 za bikaboneti ya soda (karibu vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa juu) na mililita 300 za siki ya asilimia 5. Simamisha mishumaa ndani ya ndoo juu ya mawe au makopo ili ndimi za moto ziwe sentimita 5, 10 na 20 kutoka chini. Mwaga bikaboneti chini, washa, kisha mimina siki polepole ukiifuatisha ukuta wa ndoo.

Kabla ya kumimina, wanafunzi watabiri kwa maandishi. Gramu 20 gawanya kwa 84 ni moli 0.24, mara 29 ni karibu lita 6.9, gawanya kwa eneo la chini ya ndoo, sentimita mraba 615, na gesi inapaswa kufika kimo cha sentimita 11. Mshumaa wa chini uzimike, wa kati uzimike, wa juu ubaki. Mara nyingi wa chini unazimika haraka na wa kati unasitasita au haufi kabisa. Hapo ndipo somo lilipo. Sehemu ya gesi imebaki imeyeyuka katika siki, na joto la moto limechanganya gesi na hewa. Dirisha likiwa wazi, upepo unaharibu kila kitu. Siki ikimiminwa kwa haraka, povu ndilo linalozima mshumaa wa chini, si gesi, na ukinyamaza utakuwa umedanganya darasa. Sema kilichotokea. Andikeni matokeo kama yalivyo, hata yakikataa utabiri. Kijana aliyezoea kurekebisha namba ili ifanane na kitabu, kesho atarekebisha hesabu ya kituo cha afya.

Bado dakika kumi. Uliza: kwa nini mtoto mdogo anakufa mahali ambapo mtu mzima amesimama na kupumua? Kwa nini alfajiri, wakati hakuna upepo, ni hatari kuliko saa sita ya mchana? Kwa nini anayeruka shimoni kumwokoa mwenzake anaanguka naye? Majibu yote yako kwenye ndoo. Hewa yenye zaidi ya asilimia 10 ya gesi hii inamzimisha mtu kwa muda mfupi sana. Mwonye kila mwanafunzi kwamba mazuku hayapimwi kwa kuyakaribia na kiberiti mkononi. Jaribio linabaki darasani.

Na hapa, bila kulazimisha, imani inaingia kwa miguu yake. Mtu akifa ghafla bila jeraha, mtaa unaweza kuanza kutafuta mchawi, na mara nyingi anayeonyeshwa kidole ni bibi mzee au mtoto yatima. Amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo. Mwanafunzi anayejua 44 gawanya kwa 29 anaweza kusimama kwenye matanga na kumtetea mtu asiye na hatia. Kazi ya nyumbani iwe hii: aeleze mazuku kwa mtu mmoja wa nyumbani ambaye hakusoma, kwa Kiswahili, bila fomula, na alete maswali aliyoulizwa.

Hesabu nitaipitia haraka zaidi. Mfuatano wa kijiometri na logariti: chukua mkopo wa mtaani wa dola 100 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Riba ya kawaida kwa mwaka mmoja inaleta deni la dola 340. Riba juu ya riba, 100 mara 1.2 kwa kipeo cha 12, inaleta karibu dola 892. Deni linajizidisha mara mbili lini? Logariti ya 2 gawanya kwa logariti ya 1.2: miezi 3.8. Wanafunzi hawa wana mama zao sokoni Birere na Virunga. Hawahitaji kuelezwa hiyo namba ina maana gani. Kisha wasome Kutoka 22:25 na wajadili ni kiwango gani mkopeshaji mwaminifu anaweza kudai ili naye asifilisike, maana pesa hupoteza thamani na wadeni wengine hawalipi. Kosa hapa ni mwalimu kusimama upande mmoja na kupiga mahubiri. Wape hesabu ya pande zote mbili.

Katika seksheni ya biashara mna mfano ambao ni wa mji huu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akafanya kazi katika ofisi ya serikali ya udhibiti wa bidhaa, akakataa pesa za kupitisha mchele ulioharibika, na akauawa Julai 2007. Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri kule Roma. Msimfanye picha ya ukutani. Mfanyeni zoezi la uhasibu: shehena, bei ya kununua, hongo, bei ya kuuza, faida, kisha safu ambayo mfanyabiashara haiandiki, gharama ya familia zilizokula mchele ule. Nani anailipa, na kwa nini haionekani kwenye mizania? Hilo ni swali la uhasibu kabla halijawa la dhamiri.

Historia ndiyo inayotutia woga, kwa kuwa Kanisa liko ndani yake pande zote. Ukifundisha Dola Huru ya Kongo, 1885 hadi 1908, fundisha kwa hati. Mwaka 1890 George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyekuwa mchungaji wa Kibaptisti, alimwandikia Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki dola hiyo, barua ya wazi akimshtaki. Mwaka 1899 William Sheppard, mmisionari wa Kipresbiteri, alihesabu kule Kasai mikono 81 ya kulia iliyokuwa ikikaushwa juu ya moto. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris alipiga picha kule Baringa ya baba ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake. Kisha, somo linalofuata, weka upande wa pili: makubaliano ya 1906 kati ya Vatikano na dola hiyo hiyo, yaliyoipa misheni ardhi ili ijenge shule, na Simon Kimbangu, mhubiri Mkongo, aliyekamatwa 1921 huku baadhi ya wamisionari wakitaka akamatwe, akafungwa miaka 30, akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951.

Kwa kila hati, wanafunzi waulize: nani ameandika, kwa nani, aliona au alisikia, anapata nini akiaminiwa? Dakika 15 kwa hati moja zinatosha; hati mbili kwa kipindi, zisizidi. Kinachoharibika ni hiki: mwalimu mmoja anaficha 1906 ili kulinda jina la Kanisa, mwingine anamficha Sheppard ili amalize haraka kwa hasira. Na wa tatu, ambaye ni hatari kuliko wote, anasema Mungu ndiye aliyepanga ukoloni ili Injili ifike. Usimbebeshe Mungu mikono ile 81. Biblia yenyewe haikuficha dhambi ya Daudi. Hatuna ruhusa ya kuficha zetu.

Juu ya biolojia nitasema machache. Mageuzi yako kwenye programu ya taifa na yataulizwa. Yafundishe kama wanabiolojia wanavyoyafundisha, pamoja na ushahidi wake, kabla ya kusema neno lolote la imani. Mwanafunzi asiyeweza kueleza nadharia hana haki ya kuikubali wala kuikataa. Katika urithi, wape namba halisi za Mendel, mtawa wa Brno: mbegu za njegere laini 5,474, zenye mikunjo 1,850. Wagawanye wenyewe, wapate 2.96, kisha wajieleze kwa nini si 3 kamili. Na msiharakishe kutumia sayansi kama shahidi wa mahubiri. Georges Lemaître, padri Mbelgiji aliyeanzisha wazo la ulimwengu unaopanuka kutoka chanzo kimoja, ndiye hasa aliyekuwa na wasiwasi mwaka 1951 Papa Pius XII alipoonekana kuilinganisha nadharia hiyo na Mwanzo. Alijua nadharia inaweza kusahihishwa kesho.

Sasa pointi. Usipime imani. Mwanafunzi Mwislamu, au asiyesali, anayejibu vizuri swali la mkopo au la Kimbangu, anapata pointi zake zote. Swali la mtihani liwe "eleza hoja ya Williams na udhaifu wake", lisiwe "onyesha jinsi Mungu…". Andika kigezo cha kusahihisha kabla ya mtihani, si baada ya kuona majina. Na pale ambapo pointi zinauzwa kwa pesa au zinadaiwa kwa mwili wa msichana, hakuna mtazamo wa Kikristo wa kujadili katika shule hiyo mpaka jambo hilo likome. Prefe anaweza kuanza na hatua ndogo: karatasi zisahihishwe kwa namba za siri, na mwalimu wa pili apitie karatasi tano kati ya kila hamsini.

Mmoja wenu ameuliza kwa karatasi: mwenye darasa la wanafunzi 60, bila maabara, afanye nini? Ndoo moja inatosha. Weka ndoo juu ya meza ya mbele, wanafunzi watatu wapime na wamimine, safu ya kwanza iseme kwa sauti ni mshumaa wa kimo gani umezimika, waliobaki wakiwa wameshaandika utabiri. Na kwa mwanzo usijaribu kubadilisha mwaka mzima. Kila mwalimu achague sura moja tu kwa muhula huu, aandike fishi yake (karatasi ya maandalizi ya somo) ya ukurasa mmoja: lengo la programu ya taifa, hesabu au hati itakayotumika, swali la dakika kumi za mwisho, na mambo yanayoweza kuharibika. Ampe mwenzake wa somo lingine aisome. Mwalimu wa historia asipoelewa fishi ya kemia, wanafunzi pia hawataielewa. Iandikwe upya kabla ya kuingia darasani.